Kiti cha Wafanyakazi

Siku wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walipokutana kwenye ukumbi wa chakula kumchagua mtu wa kuwasemea kwenye bodi, hakuna aliyeitamani kazi hiyo. Aliyekikalia kiti chao kwa miaka minane, karani mmoja wa stoo, alikuwa amestaafu, na walichokumbuka juu yake ni kwamba kila akitoka mkutanoni alirudi na biskuti mfukoni na habari kuwa mambo yanakwenda vizuri. Biskuti walizila. Hayo mambo hawakuwahi kuyaona.

Watu wakabaki kutazamana, huyu anamsubiri yule, mpaka mwanamke mmoja wa chumba cha gundi akapaza sauti kwamba apewe wifi yake, Bi Sindano, maana kama ni kuuliza maswali, huyo hata usingizini anauliza. Ukumbi ukacheka, mikono ikapanda. Bi Sindano mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya cherehani akishona sehemu za juu za viatu. Mumewe, Mzee Kisu, alikuwa kiongozi wa wakataji ngozi. Alinyoosha mkono wa mwisho kabisa, akasema nyumbani tayari anatawaliwa, sasa anaongezewa na kazini.

Kiwanda hicho zamani kilikuwa mali ya serikali, kuanzia geti hadi bomba la maji uani. Wazee wa kazi walizikumbuka enzi hizo kwa mapenzi na kwa hasira pia. Ajira ilikuwa ya uhakika, lakini mashine ikiharibika ilisubiri kipuri mwaka mzima, kwa sababu kila sahihi ilikuwa mbali na kila mwenye sahihi alikuwa safarini. Mwishowe kiliuzwa. Kampuni ikachukua sehemu kubwa, serikali ikabakiza robo, na kipande kilichosalia wakapewa wafanyakazi wote kwa pamoja, pamoja na kiti kimoja kwenye bodi. Wakaambiwa na wao sasa ni wenye mali. Mzee Kisu alikuwa na msemo wake juu ya hilo: ni kama kumiliki mkia wa ng'ombe. Ng'ombe akienda unakwenda naye, ila njia huchagui wewe.

Bi Sindano alipanda ngazi za ofisi ya juu kwa mara ya kwanza siku ya mkutano wake wa kwanza. Alikuta meza ndefu, zulia lililomeza sauti ya nyayo, na wanaume sita waliosimama kumpa mkono. Kwa mazoea ya kazi aliangalia miguu yao kabla ya nyuso. Mkurugenzi alivaa viatu vya kiwanda, vilivyong'arishwa vizuri. Mjumbe wa serikali, mwanamume mnene mpole aliyekaa karibu na dirisha, alivaa vya kutoka nje.

Kwanza alipewa karatasi ya kutia sahihi, inayosema kwamba yanayozungumzwa mle ndani hayatoki mpaka bodi iamue yatoke. Akatia sahihi, kwani kila mtu alikuwa ametia. Kisha likaja jambo la pili, na hapo ndipo alipotamani asingeshika kalamu.

Mkurugenzi alitaka idara ya ukataji ifungwe. Alieleza taratibu, bila kiburi. Ngozi ikikatwa kwa kisu cha mkono, sehemu kubwa inaishia kwenye pipa la mabaki, na vipande havilingani, hivyo washonaji wanavirekebisha tena. Ipo mashine inayofanya kazi ya watu kumi kwa siku moja. Wakataji walikuwa thelathini na wanne. Kama hawataondoka hao, alisema, baada ya miaka miwili wataondoka wote mia nne, kwa sababu viatu vya nje vinaingia sokoni vikiwa nafuu na wao wanazidi kubanwa.

Bi Sindano alitaka kubisha. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akivipokea vipande hivyo kwenye cherehani yake. Alijua kwamba miaka ya karibuni vilikuwa vinakuja vimepinda, na alijua anavinyoosha kimya kimya kwa sababu vinatoka kwa mumewe.

Akauliza swali moja tu, nani hasa anaamua. Mwanasheria wa kampuni akafungua mkataba wa mauzo na kumwonyesha kifungu: idara yoyote haifungwi bila ridhaa ya serikali. Wote wakamgeukia mwanamume wa dirishani. Akasema hana pingamizi, ila kwa utaratibu inafaa asubiri mkutano ujao. Ukapangwa baada ya wiki sita.

Wiki sita si nyingi ukizihesabu kwenye kalenda. Kuzibeba kifuani ni jambo jingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata safari hii ilikuwa inalala kitanda kimoja na mtungi. Kila jioni Mzee Kisu alitandaza makaratasi magumu sakafuni, akichora violezo vya ndala mpya aliyotaka kuipeleka kwa Mkurugenzi. Alimwomba mkewe ashauri mkanda upite wapi. Bi Sindano alishauri, na kila aliposhauri alijiona kama mtu anayemsaidia mwenzake kupaka rangi nyumba inayosubiri kubomolewa.

Wifi yake wa chumba cha gundi naye hakumpa nafasi ya kupumua. Alikuja na uvumi kila siku: mara kiwanda kinauzwa tena, mara wanahamishiwa mji mwingine, mara mshahara unaongezwa. Alimtazama Bi Sindano usoni kila alipomaliza, akitafuta jibu kwenye nyusi. Bi Sindano akajifunza kuangalia sufuria.

Mwishoni mwa wiki ya tatu aliomba ruhusa ya siku moja, akavaa gauni lake la heshima, akaenda wizarani kumtafuta mjumbe wa serikali. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Alipoingizwa, alimkuta yule bwana nyuma ya rundo la mafaili lililomfika kidevuni. Bwana huyo alimtambua, akashangaa, akaagiza chai.

"Mzee, samahani," alisema Bi Sindano. "Mimi sikuja kukulaumu. Nimekuja kuuliza. Ile robo ya serikali pale kwetu, serikali inaitakia nini?"

Yule bwana alisogeza rundo la mafaili kando.

"Mama, nina miaka mitano kwenye bodi yenu," akasema. "Na bodi nyingine kumi zaidi ya hiyo. Hakuna hata siku moja bosi wangu aliponiambia, nenda kasimamie jambo fulani. Nikifika nakuta mmeelewana, na mimi naelewana na ninyi. Hiyo ndiyo kazi yangu, nikikuambia ukweli."

Hakulisema kwa kujitetea. Lilimtoka kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Bi Sindano akamwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia wakati yuko kwenye benchi.

Akamwuliza tena kama amewaona walinzi wawili pale mlangoni. Mabuti yao yametoka wapi? Nje, akajibu. Na ya polisi je? Nje pia. Na ya zimamoto? Yote nje. Bi Sindano akasema yeye hakusoma uchumi, lakini mtu mwenye shamba la mahindi akienda kununua unga kwa jirani kila siku, watoto wake lazima watauliza shambani kuna nini.

Yule bwana akatabasamu kidogo, kisha akaacha. Akamkumbusha kwamba miaka kumi na tano iliyopita, enzi za serikali, kiwanda chao kilipewa kazi ya mabuti ya polisi. Mvua ilinyesha siku ya gwaride, soli zikaachia mbele ya wageni, askari wakamaliza gwaride wakiburuta soli kama ndimi za mbwa. Tangu siku hiyo hakuna ofisa aliyethubutu kuandika jina la kiwanda hicho kwenye barua ya manunuzi.

Hapa Bi Sindano angeweza kutafuta kisingizio. Badala yake akasema, "Mabuti yale niliyashona mimi. Uzi wangu haukuachia, lakini nilijua gundi ni mbovu. Sote tulijua. Meneja aliletwa tu na wakubwa, akanunua gundi ya hovyo, na sisi tukanyamaza kwa sababu kiwanda hakikuwa cha yeyote. Sasa ninakaa kwenye kiti cha watu, sitaki kunyamaza mara ya pili."

Hakumwomba azuie mashine. Hilo alikwisha kulipima akaona haliwezekani. Alimwomba mambo mawili: kiwanda kiruhusiwe kushindania kazi ya mabuti kama wengine, hata kama ni kwa majaribio, na mtu yeyote asiondoke kazini kabla jibu halijapatikana. Yule bwana aliandika kwenye karatasi, akaipigia mstari chini mara mbili. Alipomsindikiza hadi mlangoni alisimama mbele ya wale walinzi akayatazama mabuti yao kwa muda, mpaka mmoja wao akaingiwa na wasiwasi akakaza kamba.

Mkutano wa pili haukuwa wa kimya. Mwanamume wa dirishani alikuja na faili, akaomba kusema kabla ya wote, na watu waliomzoea kama pazia walishtuka kusikia kumbe ana sauti nzito. Alieleza juu ya mabuti. Mkurugenzi alimsikiliza huku uso ukibadilika rangi. Bi Sindano alidhani amekasirika kwa kupingwa. Kumbe hasira ilikuwa ya namna nyingine. Mkurugenzi alikwenda kabatini, akarudi na nakala za barua saba, zote alizoiandikia serikali kwa miaka mitatu akiomba kiwanda kiruhusiwe kushindana. Hakuna iliyojibiwa.

"Nilidhani mmekataa," alisema Mkurugenzi.

"Nilidhani hamtaki," alisema mjumbe wa serikali.

Wakatazamana kama watu wawili waliosubiriana kwenye milango miwili ya nyumba moja.

Majadiliano yalichukua saa nne. Serikali itatoa kazi ya majaribio, jozi elfu mbili, na zitapimwa kwenye maji na kwenye mawe bila huruma. Lakini hapo ndipo mkuki ulipogeukia upande wa Bi Sindano. Jozi elfu mbili zinazolingana haziwezi kukatwa kwa mkono. Mashine itakuja, tena mapema zaidi. Alipambana kupunguza makali, akapata alichopata: wakataji kumi na wawili watabaki, wachague ngozi na kuongoza mashine, kwa kuwa mashine haijui kovu la kupe wala mshipa. Wengine watapewa haki zao zote, na nafasi zikitokea wao ndio wa kwanza kuitwa. Watakaobaki ni wale wenye umri chini ya miaka hamsini na mitano. Mzee Kisu alikuwa na hamsini na minane.

Kura ilipoitishwa, mkono wa Bi Sindano ulikuwa mzito. Aliangalia ule mkono uliotoboka vidole kwa sindano akajua hakuna anayemlazimisha. Kampuni ingepita hata bila yeye. Angeweza kuuacha mkono mezani, akarudi nyumbani na kusema, mimi nilikataa. Ila masharti yale aliyadai yeye, na mtu hadai ukuta kisha akakana nyumba. Akaunyoosha.

Aliomba jambo moja la mwisho, kwamba tangazo lisibandikwe ukutani kabla yeye hajawaambia wakataji kwa mdomo wake. Mkurugenzi akakubali, akajitolea kusimama naye. Alimshukuru, akaenda peke yake.

Chumba cha ukataji kilikuwa na harufu ya ngozi na mafuta ya visu. Wote thelathini na wanne walikuwa wamesimama kwenye meza zao. Bi Sindano akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho, mabuti, mashine, kumi na wawili, ishirini na wawili, na kura yake mwenyewe. Hakulificha neno wala hakulipamba. Watu waliuliza maswali, mmoja akatukana, wenzake wakamnyamazisha.  Mumewe aliendelea kupitisha kisu chake juu ya jiwe la kunolea, kwenda na kurudi, mpaka wengine wote walipomaliza.

"Umejua tangu lini?" akasema.

"Tangu kikao cha kwanza. Wiki sita."

Akafunga kisu kwenye kitambaa chake, akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Hakurudi nyumbani siku hiyo. Alikwenda kwa dada yake, na huyo wifi wa chumba cha gundi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, hakupeleka uvumi popote. Kwa siku nne Bi Sindano alikwenda kazini, akashona, akarudi, akapika kwa mazoea chakula cha watu wawili. Wenzake wengine walimpa salamu nusu. Mmoja alimwacha na mkono hewani.

Siku ya tano, jioni jua bado lipo, alimkuta mumewe ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yao na violezo vyake vya ndala magotini. Akaketi kando yake bila kuambiwa.

"Ulikuwa unanishauri mkanda upite wapi," Mzee Kisu alisema, "na huku unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungeniambia, ningewaambia wenzangu kesho yake, tungegoma, na kampuni ingetufukuza sote. Na hao kumi na wawili leo wasingekuwepo." Alisema hivyo kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba kwa meno. "Nimelifikiria hili siku nne. Nilitaka kukukasirikia vizuri, nikakwama."

Halafu akamwambia jambo ambalo na yeye alikuwa amelificha. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, mwaka wa pili sasa. Jirani yake wa meza alikuwa akimchorea mstari kwa chaki kabla hajakata. Hakutaka mkewe ajue, kwa vile mkataji asiyeona ni jina tu.

Bi Sindano alikumbuka vipande vyote vile vilivyopinda, na jinsi alivyovinyoosha bila kumwuliza. Akagundua kwamba kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake kwa kumfungia mlango. Hakulisema hilo. Aliuliza tu kama amekwenda kwa daktari, akajibiwa hapana, akasema kesho tunakwenda. Na kesho yake wakaenda. Ukungu ule ulikuwa wa kutibika, wala si kwa kazi kubwa.

Mabuti yalipimwa mwezi wa nne baada ya hapo. Yalilowekwa siku tatu, yakakanyagishwa mawe, yakaning'inizwa vyuma vizito. Jozi nyingi zilipita. Chache zilipasuka kisigino, na Bi Sindano akapanda ghorofani kuuliza kisigino kile kimetoka wapi kabla Mkurugenzi hajamaliza kusoma ripoti. Serikali haikuwapa kazi yote. Iliwapa theluthi moja, iliyobaki ikaendelea kuagizwa nje. Yule bwana wa dirishani alisema theluthi ni mwanzo, na kwamba bosi wake sasa humwuliza habari za kiwanda, jambo linalomnyima raha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee Kisu na wenzake wanne walichukua meza za zamani ambazo kampuni ilikuwa inazitupa, wakapanga chumba kimoja nyuma ya soko, wakaanza kutengeneza ndala zake kwa mabaki ya ngozi kutoka kiwandani. Mwezi wa kwanza nusu ya muda wake iliishia halmashauri akitafuta kibali. Dirisha hili lilimpeleka lile, lile likamrudisha hili. Alirudi nyumbani akilalamika kuhusu serikali kwa maneno yaleyale aliyokuwa akiyatumia Mkurugenzi, na mkewe akamkumbusha hivyo. Wiki iliyofuata mwenzake mmoja alianza kuchelewa kazini kila siku, na Mzee Kisu akarudi akilalamika kuhusu wafanyakazi. Bi Sindano alicheka mpaka akashika ukuta. Mumewe akasusa kidogo, kisha na yeye akacheka.

Si wote walioangukia pazuri. Kati ya ishirini na wawili, watatu waliitwa tena kazini, wengine wakatafuta pengine, na mmoja, aliyekuwa mcheshi wa idara, alikaa nyumbani akazidi kuwa mkimya. Bi Sindano alimtembelea mara mbili. Mara ya pili hakufunguliwa mlango.

Mwaka ulipoisha aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa chakula, kitu ambacho yule karani wa stoo hakuwahi kukifanya. Aliwaalika na wakataji waliokwisha kuondoka. Alieleza kila jambo ambalo bodi ilikwisha kuruhusu lisemwe, na yale ambayo bado, akawaambia yapo na hawezi kuyasema. Watu walinung'unika kwa hilo. Ndipo akasimama mkataji mmoja wa zamani, yule aliyetukana siku ile, akauliza kwa sauti ya chini, "Bi Sindano, ule mkono ulionyoosha ulikuwa wetu, au wa kampuni?"

 Mzee Kisu, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa wenu," alisema Bi Sindano. "Na bado uliwaumiza baadhi yenu. Nimejaribu mwaka mzima kutafuta namna ya kulisema hilo likawa jepesi, sijaipata. Kama mnaona yupo atakayefanya vizuri zaidi, kiti hiki si cha urithi. Nitakirudisha leo na sitanuna."

 Haikuonekana kama yule mkataji ameridhika. Lakini hakutoka ukumbini. Alivuta kiti cha mbele, akaketi, akamwambia aendelee na jambo linalofuata.